Kofia ya Mtani na Mgomo wa Godauni

Watu wasioijua tumbaku hudhani inanuka moshi. Si kweli. Tumbaku iliyokaushwa, kabla mtu hajaitia moto, ina harufu tamu na nzito, ya asali iliyokaa kwenye ngozi. Katika miezi ya masoko harufu hiyo ilivuka reli kutoka godauni ikatufuata mpaka mtaani kwetu Isevya, ikaingia kwenye mashuka, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye maji ya mtungi. Mimi niliipenda sana. Mama hakuipenda hata kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiimeza. Alikuwa mchambuaji: kutwa nzima amesimama mezani na wanawake wenzake wakitenga majani kwa rangi na ukubwa, vumbi la kahawia likipanda mpaka darini, mdomoni amejifunga kipande cha khanga kwa sababu vinyago vya kuzuia vumbi walivyoahidiwa havikuwahi kufika. Jioni akirudi alikohoa kwanza, ndipo akatusalimia. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani kukohoa ni sehemu ya salamu.

Baba alikuwa mpakiaji wa mabelo, marobota ya tumbaku, kwenye mabehewa. Ukimwita kuli, mnagombana. Alipenda kutuambia kwamba babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka pwani, wakaitwa wapagazi, na mpagazi alikuwa mtu wa heshima zake: mkuu wa msafara akivunja ahadi, wapagazi walitua mizigo njiani wakakaa juu yake mpaka mambo yasemwe upya. Baba alisimulia hayo akiwa na majivuno utadhani alikuwepo. Akaongeza kuwa ni katika safari hizo, wakipita Ugogo kuomba maji na chakula, ndipo ulipozaliwa utani wetu na Wagogo. Kwa asiyeujua, utani si mzaha wa kawaida. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe ukikasirika wewe ndiye mshamba. Mtani wa Baba alikuwa Ndahani, Mgogo mrefu mwenye kofia ya pama aliyoivaa masika na kiangazi, aliyegeuza mabelo godauni kwa zamu. Bibi yetu alipofariki, Ndahani alishuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo kwa sababu marehemu alimnyima akiwa hai. Mchungaji wetu wa Moravian akasimama na kitabu chake, akisubiri kama watu wengine. Jogoo akaletwa. Nilicheka nikiwa bado na machozi, na mpaka leo sijui mazishi mengine yoyote yaliyonifariji namna ile.

Mwaka wa mgomo simu za mkononi zilikuwa bado za kuazimana mtaa mzima. Wafanyakazi walidai mambo mawili tu: vinyago, na mikataba ya maandishi, maana walikuwepo watu waliozeekea pale wakiitwa vibarua. Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi alikuwa Bwana Kapela, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja, na sitamnyima haki yake: alijua kupanga jambo. Alilipeleka shauri kwenye usuluhishi, likashindikana, akatoa notisi ya mgomo kama sheria ilivyotaka, akawaambia watu wasizibe lango wala wasimfungie ndani tajiri, mwenye godauni, kwa sababu hilo lingewatoa kwenye haki. Basi wakakaa kwenye uwanja ng'ambo ya barabara, wanaume upande huu, wanawake upande ule na masufuria yao. Sisi watoto tukitoka shule tulipitiliza huko huko tukala michembe ya viazi vikavu na karanga. Kwangu mimi ilikuwa sikukuu. Baba na Mama wote mchana kutwa nawaona, nani angetaka iishe?

Ndahani naye aligoma, lakini lilikuwepo jambo lililomnyima usingizi. Belo la tumbaku likikaa muda mrefu bila kugeuzwa hupata joto ndani na kuota ukungu. Na baadhi ya mabelo yaliyokuwa mle ndani yalikuwa bado ya wakulima, tajiri hajayanunua. Wakwe zake Ndahani walikuwa wakulima wa upande wa Bukene. Akasimama mkutanoni akaomba wachache waruhusiwe kuingia kugeuza mzigo wa wakulima tu. "Ikivunda hii, namgomea nani?" aliuliza. "Tajiri au mkwe wangu?" Wakamzomea. Kapela akasema anayeingia lango lile, kwa sababu yoyote ile, ni msaliti. Ndahani akakaa chini, akavuta pama usoni, na kesho yake asubuhi akaja peke yake akielekea langoni.

Nilikuwepo, ilikuwa Jumamosi. Watu wakanyanyuka. Vijana wa ulinzi wa mgomo, ambao Kapela aliwachagua kwa vifua vyao, wakaanza kumsogelea. Nikamwona Baba anatoka mbio, nikaogopa kuwa ndiye atakayempiga. Alipomfikia alimpokonya ile pama kichwani, akaivaa yeye, akageuka kwa watu: "Msaliti haingii na kofia! Ingia kichwa wazi, Mgogo wewe, jua likuchome labda akili zitarudi!" Ndahani hakusita. "Ivae, Mnyamwezi, walau leo ufanane na mtu." Uwanja mzima ukacheka. Vijana wakacheka pia, mikono ikashuka, na Ndahani akapita katikati ya kicheko kile akaingia kazini bila kuguswa. Baba alishinda na pama ile kichwani, akitembea kwa madaha na kuwaamkia watu Kigogo cha uongo.

Alasiri Baba alitumwa stesheni kuchota maji. Mama naye alikuwa amekata kichochoro cha nyuma ya godauni, kando ya reli, kutafuta kuni. Ni huko ndiko Ndahani alikotokea, amekwepa lango kuu ili asichokoze watu. Vijana watatu wa ulinzi walikuwa wanamsubiri. Mama aliwafahamu wote, na mmoja alikuwa Shija, mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kijana ambaye mama yake ndiye aliyekuwa akinisuka. Mama alimwona Shija akiinama na kuokota fito, zile za kuning'inizia tumbaku. Halafu likatokea lile lililotokea. Mama alipiga kelele, wao wakakimbia, na Ndahani akabaki kwenye kokoto za reli taya limevunjika, simu yake imechukuliwa, fahamu hana.

Polisi walifika uwanjani kabla habari haijafika, Mama akiwa bado na Ndahani, nao wameambiwa aliyepigwa ameporwa simu na ile kofia yake ya siku zote. Baba alikuwa ndio kwanza anatua ndoo, pama kichwani. Askari, kijana mgeni mkoani kwetu, akamuuliza kofia ile ni ya nani. Sasa hapa ndipo Baba alipofanya kosa ambalo Mnyamwezi peke yake angelifanya: alidhani Ndahani amemlipizia utani kwa kumletea polisi. Akafurahi! Akasema kwa sauti, ili watu wote wasikie, "Ya Ndahani. Nimemnyang'anya mwenyewe, asubuhi kweupe, na simrudishii!" Askari akauliza kwa nini. "Ni mtani wangu," Baba akajibu, bado anacheka. Yule kijana alilichukua jibu la kwanza, la pili hakuliona lina maana. Baba aliendelea kutabasamu mpaka pingu zilipobana. Akashtakiwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, na ambalo kifungo chake ni miaka thelathini. Nilijaribu kujiona mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ndipo Baba atoke. Sikuweza kuimaliza picha hiyo.

Utasema, mbona uwanja mzima uliona kofia ikichukuliwa kwa utani? Uliona. Na uwanja mzima ukanyamaza. Bwana Kapela alikuja kwetu jioni moja, akakaa kwenye kiti cha Baba bila kukaribishwa, nami nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba ya haraka haraka. Akamwambia Mama: "Shemeji, tukifungua mdomo juu ya kofia, watauliza la pili: basi aliyempiga ni nani? Tajiri ameshapeleka maombi mgomo utangazwe haramu kwa sababu ya fujo. Tukitoa kijana mmoja wa chama, tumekwisha wote. Chama kitaweka wakili. Akifungwa, tutakata rufaa." Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho. "Bwana Kapela," akasema, "hao vijana uliwatuma?" Kapela akaapa kuwa hakuwatuma. "Lakini ulisema yule ni msaliti." Mwenyekiti akasimama, akasema ana kikao. Alipotoka Mama alikohoa, akaendelea na mchele. Nilitaka amrushie ule ungo.

Lililomuumiza Mama zaidi ni kwamba Baba naye alikuwa upande wa Kapela. Tulipokwenda kumwona mahabusu, nilimkuta amekonda na ndevu zimemtoka vibaya, nikashindwa hata kumwamkia. Alinisalimia yeye. Kisha akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Mama Kabula, usiseme kitu. Mgomo huu nimeujenga kwa mikono yangu. Wenzangu hawatanitupa." Mama akamuuliza kama anajua ni wenzake wangapi waliokuja kumwona. Nje ya gereza tulitembea kwa miguu kurudi nyumbani, jua la kiangazi la Tabora likitupiga utosini, na karibu na soko Mama akasimama ghafla akasema, si kwangu hasa, "Mimi sikumwapia kiongozi yeyote kwamba nitafumba macho." Akanishika mkono tukaendelea.

Kuanzia hapo kila kesi ilipotajwa, Mama alikwenda mahakamani na hakuingia ndani. Alikaa kwenye kibaraza, mwisho kabisa, asipoweza kusikia kitu. Watu wa chama walidhani ni uchungu, wakamwonea huruma. Uchungu gani! Alikuwa amemuuliza karani wa mahakama, akaambiwa shahidi hatakiwi kuwasikia mashahidi wenzake, akalishika neno hilo. Mimi nilikaa ndani na Shangazi Kalunde, dada yake Baba. Kofia ya pama ilikuwa mezani, imefungwa karatasi kama mzigo wa posta. Ndahani mwenyewe hakuwepo. Ndugu zake walimchukua kwa treni kwenda kutibiwa kwao, taya limefungwa nyaya, hawezi kusema, na kwa kuwa alipigwa kwa nyuma hakumwona mtu. Siku ya utetezi ilipofika hakimu, mama mmoja mwenye miwani minene na sauti ya mwalimu, alimuuliza Baba kama anao mashahidi. Wakili wa chama akatazama dari. Baba akasema, "Sina, mheshimiwa."

Shangazi akanyanyuka akatoka kumwita Mama, wakaingia wote wawili. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kwaya. "Shahidi yupo," akasema. Wakili wa serikali akapinga, wakili wa chama naye akapinga, na hiyo ndiyo siku pekee niliyowaona wale wawili wakikubaliana. Hakimu akamuuliza Baba, "Unamwita huyu?" Baba akamtazama Mama, akamtazama Kapela aliyekuwa benchi la mbele, akainamisha kichwa. Nilimchukia baba yangu wakati huo, nasema ukweli. Hakimu akavua miwani akasema sheria inairuhusu mahakama kumwita mtu yeyote ambaye ushahidi wake unahitajika ili haki itendeke, na kwamba mahakama inamwita. Mama akashika Biblia.

Alieleza kofia kwanza, na utani, na hakimu akaandika huku mdomo ukimcheza kidogo. Halafu akafika kwenye kichochoro. Akawataja wote watatu, jina la mtu na la baba yake. Ukumbini ukazuka mnung'uniko; mwanamke mmoja nyuma yetu akasema "Msaliti!" na Shangazi akamgeukia kwa jicho ambalo sisi watoto tulilijua vizuri. Wakili wa serikali akaona amepata mlango, akamuuliza Mama: kwa hiyo anakubali kwamba wagomaji walimpiga mtu aliyetaka kufanya kazi? Mama akajibu bila haraka. "Hapana, baba. Wamepiga watatu hao. Mimi nimegoma na bado nagoma, na hapa nikitoka narudi uwanjani. Tuliomba vinyago. Hatukuomba ruhusa ya kumvunja mtu taya. Mkiwachanganya hao na sisi mtakuwa mmetuonea, na sisi tukiwaficha tutakuwa tumejichanganya nao wenyewe." Akakohoa kwa muda mrefu. Hakimu akaagiza aletewe maji.

Baba aliachiwa huru. Wale watatu walikamatwa na baadaye kufungwa, si miaka thelathini, lakini kifungo ni kifungo. Tajiri aliposhikilia kuwa mgomo ulikuwa wa fujo, wasuluhishi walimrudishia maneno yale yale ya mahakamani: waliofanya kosa wanajulikana kwa majina na wanaadhibiwa, wengine walikuwa ng'ambo ya barabara wakitumia haki yao. Mwishoni mwa kiangazi vinyago vilifika, mikataba ikafuata. Ndahani alirudi na gari moshi mdomo umekaa upande, akaingia kwetu bila hodi, akapitiliza bandani akamkamata jogoo wetu mkubwa, akamwambia Baba kwa lafudhi yake mpya, "Hii ni riba ya kofia." Baba alilia mbele yetu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Ningependa kusema tulifurahi hivyo hivyo mpaka leo. Lakini Baba, siku aliyotoka, alikula ugali na nsansa, mboga kavu ya majani ya kunde, aliyopikiwa, akanawa, akamwambia Mama, "Umenitoa mimi ukamwingiza Shija." Na Mama Shija, jirani yetu, aliacha kunisuka. Kila asubuhi Mama alisimama kwenye ua akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" na ng'ambo ya pili kukawa kimya. Aliendelea kumwita. Mvua zikanyesha, mahindi yakakomaa, bado anaita tu, mpaka Baba akamwambia aache kujidhalilisha. Hatimaye siku moja Mama Shija alijibu, lakini hakuitikia salamu. Alikuja mpaka kwenye ua akasema: "Sina ugomvi nawe kwa kusema kweli. Nina swali. Ulimwona mwanangu akiokota fito. Unamjua tangu hajaota meno. Mbona hukumwita jina lake pale pale?" Nilimwona mama yangu, aliyewashinda mawakili wawili kwa asubuhi moja, akikosa la kusema mbele ya mwanamke aliyeshika ufagio.

Leo Baba hayupo. Mama yupo, anakohoa bado, anaishi nami mtaa wa Ipuli. Godauni limegeuzwa stoo ya saruji na harufu ile imeondoka upande ule wa mji. Mimi ni mwenyekiti wa tawi katika kiwanda cha kukamua alizeti. Vinyago tunavyo, hilo hatupigani nalo tena, lakini mikataba waliyoipigania wazee wetu imerudi kuwa ya miezi michache michache, mtu anasaini kama anayekodi baiskeli. Vijana wetu hawaketi kwenye uwanja kusikilizana. Wanatukanana kwenye makundi ya simu usiku kucha, wakifika asubuhi kila mtu ameshakuwa shujaa. Tulipotoa notisi ya mgomo mwaka jana, kijana mmoja, Salum, mtoto wa Mwanaidi niliyekua naye Isevya, mwepesi na mwerevu, alisimama kikaoni akasema wanaoingia kazini "washughulikiwe". Wakampigia makofi. Nikamwambia akimgusa mtu nitamtaja mahakamani. "Utatutaja sisi, mwenyekiti?" akauliza. Nikasema ndiyo, kwa majina ya baba zenu. Makofi yakakoma, na wapo waliosema nimenunuliwa.

Lakini swali la Mama Shija lilikuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo, na kutaja peke yake hakukunitosha tena. Asubuhi ya mgomo nilimwita Salum akae kando yangu, kwenye benchi langu, si na wenzake. Akanuna, akakaa. Jua lilipopanda akatokea dada mmoja wa maabara, mjamzito, kichwa kimeinama, anaelekea langoni. Watu wakaanza kuzomea. Sikumtazama dada, nilimtazama Salum. Mkono wake ulishuka taratibu pembeni ya benchi ukashika jiwe.

"Salum," nikasema. "Salum mtoto wa Mwanaidi. Mimi ninakuona."

Alinitazama kwa chuki, wala sikujali. Akafumbua vidole. Yule dada akapita, akaingia kazini kwake, na sisi tukaendelea na mgomo wetu.